Je, kuunda roboti za wanyama ni utafiti wenye tija?

Mleta mada: MotaKumiNaMbili

Wanajukwaa, habari za jioni. Niko mwaka wa nne wa uhandisi wa mitambo, na andiko langu la mradi limerudishwa mara mbili. Nilipendekeza kuunda roboti yenye umbo la kenge, yenye mota kumi na mbili za bei nafuu na mgongo unaopinda, ili nichunguze inavyopita kwenye tope; na mwishoni niliongeza kwamba siku moja itaokoa watu kwenye mafuriko. Msimamizi wangu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kwa nini kenge?" Nilipomsimulia baba mdogo, ambaye anabeba maji kwa punda, alinijibu kwamba punda wake anakula majani, anazaa, na hajawahi kudai chaji. Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Naomba hoja za kuunga mkono au kupinga, ila zisiwe za jumla jumla.

FundiKihonda

Baba yako mdogo ana hoja, na liko jeshi lililoigundua kwa gharama kubwa. Kampuni ya Boston Dynamics ya Marekani, kwa fedha za DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, iliunda roboti ya miguu minne iliyoitwa LS3, iliyokusudiwa kubeba kilo 180 hivi na kuandamana na askari porini. Kutembea ilitembea. Tatizo ni kwamba injini yake ilinguruma kiasi cha kumjulisha adui kikosi kilipo, na mwaka 2015 Marines, tawi la jeshi la Marekani lililoijaribu, wakaiweka kando.

Mimi naishi Morogoro, ambako shirika la APOPO, likiwa na makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine, huwafundisha panya buku kunusa vilipuzi. Panya mmoja hukagua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa, kazi inayoweza kumchukua mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma hadi siku nne, kwa sababu kifaa hupiga kelele kwa kila msumari na kila kizibo cha soda, ilhali panya hujali harufu ya kilipuzi tu. Ni mwepesi mno kulipua bomu, na ujira wake ni kipande cha ndizi. Panya mmoja aitwaye Magawa, aliyezaliwa hapahapa Tanzania, aligundua Kambodia mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100, akatunukiwa medali ya dhahabu mwaka 2020. Ambapo mnyama hai anaifanya kazi vizuri namna hii, sioni sababu ya kumuunda wa chuma.

MwalimuFizikia

Ndugu wa Kihonda, umehukumu chombo cha kazi, na hapo sikupingi. Lakini roboti inaweza pia kuwa njia ya kuuliza swali ambalo mnyama hai hakubali kuulizwa. Kenge huwezi kumwambia apunguze mkunjo wa mgongo kwa theluthi moja, kisha arudie hatua ileile mara hamsini.

Kule Lausanne, Uswisi, kundi la mtafiti Auke Ijspeert lilichapisha mwaka 2007 kazi juu ya roboti ya salamanda (mnyama mfano wa mjusi, anayetembea na kuogelea), iliyoendeshwa na mfano wa kompyuta wa neva za uti wa mgongo. Msukumo hafifu ulileta mwendo wa kutembea. Ulipoongezwa, miguu ilitulia na mwili ukaanza kuogelea. Yaani neva ni zilezile, kilichobadilika ni nguvu ya msukumo. Mwaka 2019 kundi hilo, pamoja na mtafiti John Nyakatura wa Berlin, liliunda upya Orobates, mnyama aliyetoweka karibu miaka milioni 300 iliyopita, ambaye mifupa na nyayo zake zimehifadhiwa katika miamba ya Ujerumani. Walijaribu miendo mbalimbali, wakailinganisha na nyayo zile, wakaona kwamba alitembea ameinua mwili kuliko ilivyodhaniwa. Mnyama huyo utampata wapi umfunge kamba?

Mleta mada, kenge wako ana kaka yake: watu wa Lausanne waliunda mamba na kenge kwa ajili ya kipindi cha wanyamapori cha BBC, wakawapeleka kingo za Nile, Murchison Falls, Uganda. Andiko lako limepungukiwa swali, si manufaa.

MuuguziUghaibuni

Naongeza nilichokishuhudia kazini, katika nyumba ya wazee huku Ulaya. Tuna Paro, roboti ya mtoto wa sili (mnyama wa baharini mwenye manyoya) iliyobuniwa na Takanori Shibata wa Japani, ambayo huchajiwa kwa chuchu bandia kama anayonyonya mtoto mchanga. Bibi mmoja aliyepoteza kumbukumbu, ambaye kutwa nzima haongei, humpapasa na kuniuliza kama amekula. Naona haya kidogo kumjibu. Lakini bei yake ni dola elfu kadhaa, na utafiti wa Australia wa mwaka 2017, wenye washiriki 415, ulionyesha kwamba ingawa wazee walizungumza na Paro na kumtazama zaidi, katika kutuliza fadhaa hakumshinda Paro mwenzake aliyezimwa, aliyebaki mwanasesere tu wa manyoya. Jambo hilo lisingejulikana kama pasingekuwa na Paro wa kulinganisha naye.

MotaKumiNaMbili

Nashukuruni sana. Nitabakiza mwili mmoja na kubadilisha mgongo tu: kwanza nikiufunga usipinde kabisa, kisha upinde kidogo, kisha sana, katika tope la unyevu uleule, nikipima umbali na umeme uliotumika. Baba mdogo amenipa kona ya shamba lake la mpunga.

FundiKihonda

Kwa mpango huo sina kipingamizi, mdogo wangu. Ila futa ile sentensi ya kuokoa watu kwenye mafuriko. Nadhani ndiyo iliyomfanya msimamizi wako achukue wino mwekundu.