Hajachomeka hata mashine, kaniambia "gari halina kitu, mbovu ni dereva"!!!

Wakuu, nimetoka gereji sasa hivi, mikono bado inatetemeka, mkikuta herufi zimerukwa mniwie radhi. Fundi mwenyewe sina haja ya kumtaja, mnamjua wote. Yule mwenye kalamu sikioni ambayo haijawahi kuandika kitu tangu izaliwe.

Gari langu lina ile kruzi kontroli, inayoshikilia mwendo yenyewe na kujipimia umbali na gari la mbele. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, kruzi ikajizima, haitaki tena. Nikapeleka. Nilitegemea mtu achomeke mashine, asome hitilafu, aniambie rada, ile sensa inayopima umbali, imepoteza shabaha, au waya umekatika, au swichi ya breki imekufa. Chochote! Hata uongo uliopangika ningeupokea.

Bwana yule kazunguka gari mara moja kama anakagua mbuzi mnadani. Kachomoa kitambaa mfukoni, kile chenye oili ya magari yaliyokwisha kuuzwa chuma chakavu, kapangusa nembo ya mbele, kisha kajifuta jasho usoni kwa kitambaa hichohicho. Halafu kapaza sauti gereji nzima isikie: "Gari halina kitu. Mbovu ni dereva!"

Watu walicheka mpaka aliyekuwa amelala chini ya gari jingine. Yeye sikumwona uso, niliona miguu tu inatikisika.

Na mashine ILIKUWEPO. Ipo mezani, imewekewa kikombe juu. Nikamwambia basi ichomeke, akanijibu mashine ni ya magari yanayoumwa. Mbovu ni dereva, mimi! Halafu kanidai hela ya uchunguzi. Uchunguzi wa kitambaa, wakuu.

Bampa Kavu: Pole mkuu. Ila hapo kwenye miguu kutikisika nimecheka peke yangu ofisini. Hebu rudia alivyosema?

Mtoa mada: Kasema mbovu ni dereva. Umefurahi?

Bampa Kavu: Sana.

Pini ya Kijani: Huyohuyo! Mimi alichomeka, lakini kile kimashine kinachosoma injini peke yake. Hakikuona kitu, akaniambia nikaombewe. Kwingine wakaleta mashine inayoingia kwenye kompyuta zote za gari, ikatoka kodi ya hitilafu U0235: mawasiliano na sensa ya umbali ya mbele yamekatika. Plagi ilikuwa imeingia maji, pini zimeota kutu ya kijani. Zikasafishwa, kruzi ikarudi.

Mtoa mada: Mnaona? PLAGI. Mimi nimepata kitambaa.

Mzee wa Puti: Kijana, punguza jazba ujibu swali. Bampa limewahi kunyooshwa au kupigwa puti? Rada nyingi za sasa zinatumia gigahezi 77, na mawimbi hayo hayapiti vizuri kwenye puti nene. Breketi nayo ikipinda digrii 1 tu, kwenye mita 100 rada inatazama karibu mita 1.75 pembeni. Inampima jirani wa njia ya pili. Kompyuta ikishtuka inazima kruzi. Dawa yake ni kuilenga upya kwa mashine na kibao chake maalumu, na kabla ya hapo alaimenti ya magurudumu iwe sawa.

Mtoa mada: Bampa halijaguswa. Ila asante kwa kuthibitisha kwamba hakuna sehemu inayotaja kitambaa.

Mzee wa Puti: Na nembo? Ndiyo iliyokuja na gari, au umeweka ya kung'aa?

Mtoa mada: Nembo inahusiana nini na mtu kuniita mbovu mbele za watu?

Bampa Kavu: KAWEKA YA KUNG'AA 😂😂

Mzee wa Puti: Gari lenye rada nyuma ya nembo, nembo yake hutengenezwa ipitishe mawimbi. Ukibandika chuma umeifunga macho.

Mtoa mada: Hata ningebandika reli ya treni, angechomeka mashine angejua! KIKOMBE kilikuwa juu ya mashine!

Dada wa Gia: Nyinyi mnalilia kitambaa. Mimi nilibadilishiwa kioo cha mbele, kamera inayotazama mistari ya barabara wakairudisha bila kuilenga. Sasa gari linanipigia kelele nimehama njia nikiwa katikati ya njia. Nikirudi kulalamika wanasema nitazoea.

Pini ya Kijani: Afadhali kelele. Shemeji yangu sensa ya gurudumu moja tu ilikufa, ikazima ABS, ile inayozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, na kruzi kwa mpigo. Wakamuuzia rada mpya. Taa zinawaka vilevile.

Dada wa Gia: Hao ndio walionimwagia oili ya kawaida kwenye CVT, ile giaboksi otomatiki isiyo na hatua za gia.

Mzee wa Puti: Eti nini? CVT inataka oili yake yenyewe. Umeshaendesha?

Mtoa mada: Wakuu, turudi kwenye mada. Mbovu ni dereva, kasema hivyo, watu wanasikia.

Dada wa Gia: Nimefika nayo nyumbani mzee. Inavuma.

Mzee wa Puti: Inavuma ikiwa ya baridi au mpaka ipate moto?

Bampa Kavu: Yangu inavuma muda wote, nayo ni CVT. Dada, fungua uzi wake tuhamie huko.