Nyumba ya Kimanga: tuuze wenyewe au tumpe dalali?

*UKOO WA MZEE SHABANI 🏠*

*Jumatatu*

Hamza: Asalaam alaykum wote. Kama tulivyoongea kwa Mama kule Morogoro, nyumba ya Kimanga tunauza. Mahakama ya mwanzo imeshanipa fomu namba 4, kwa hiyo usimamizi wa mirathi si maneno tena. Sasa tuongee namna ya kuuza. Rashidi, wewe uko karibu, una nini?

Rashidi: Waalaykum salaam bro. Nina dalali hapa Tabata Relini, wa siku nyingi, nyumba ameshaiona. Anasema kwa mil 100 inatoka ndani ya mwezi. Anataka 10%.

Salma: Milioni 10 kwa kufungua geti?

Rashidi: Da Salma, si geti. Ana wateja.

Da Mwana: Mimi ninavyojua udalali wa kuuza ni 5%. Wanapangisha kwa kodi ya mwezi mmoja, kuuza ni 5%.

Ba'mdogo Seif: Inategemea ameiona shida yako kiasi gani.

Rashidi: Shikamoo Ba'mdogo

Da Mwana: Shikamoo Ba'mdogo

Ba'mdogo Seif: Marahabani. Nyie mnagombana na asilimia, hamjaulizana habari ya cha juu. Mimi niliuza kiwanja Mbezi, nikamwambia dalali nataka 20. Akanikabidhi 20 taslimu, nikamshukuru na udalali nikampa. Mwaka uliofuata nakutana na aliyenunua msikitini, ananiambia "mzee ile 27 yangu ulifanyia nini?"

Salma: 😳

Abuu (Ohio): Huku kitu hicho unanyang'anywa leseni. Dalali anasajiliwa na jimbo. Lakini msidhani ni bei rahisi, miaka yote muuzaji alikuwa anatoa 5 mpaka 6%, wanagawana dalali wake na dalali wa mnunuzi. Kuna kesi ilifunguliwa Missouri, ikaja kubadilisha mambo, tangu Agosti 2024 mnunuzi anasaini kwanza na dalali wake ndipo azungushwe kuona nyumba. Na wengi bado wanatumia dalali. Wanaouza wenyewe ni wachache.

Ba'mdogo Seif: Huko sawa. Dalali wetu ofisi yake ni simu na kivuli cha mwembe. Utamnyang'anya nini, kivuli?

Hamza: Mimi naona 100 ni ndogo. Fremu mbili mbele, ukuta, lami iko pale. 140.

Rashidi: Bro 140 nani atanunua? Nyumba ya zamani ile, wiring ya Baba, choo cha nje bado kipo.

Hamza: Baba alijenga kwa jasho.

Rashidi: Najua bro, lakini mnunuzi hanunui jasho.

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:52)

Da Mwana: Kwa wasioweza kusikiliza: Mama anasema yeye hataki kusikia nyumba imeuzwa halafu akaulizwa na majirani. Na wale wapangaji wa fremu waambiwe kwanza, wamekaa na Baba vizuri, wasije kusikia kwa dalali.

Hamza: Sawa Mama. Nitakwenda mwenyewe.

*Jumatano*

Da Mwana: Jamani. JAMANI. Angalieni hii

Da Mwana: 📷 Picha

Da Mwana: Nimeletewa na mfanyakazi mwenzangu, anatafuta nyumba Tabata. "Nyumba kali inauzwa Kimanga, vyumba vitatu, masta, fremu mbili, hati safi haina mgogoro, milioni 135, maongezi yapo." Hiyo sofa ni ya Mama!!

Salma: Rashidi?

Salma: Rashidi nakuona uko hewani.

Rashidi: Sikumwambia aweke. Nilimwachia funguo akapige picha tu.

Ba'mdogo Seif: Funguo! Kesho andika ukutani kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Ndiyo maana Dar nzima kuta zimejaa maandishi hayo. Mtu mwenye funguo na picha za ndani anaweza kukaa sebuleni kwenu akapokea kishika uchumba cha watu watatu.

Rashidi: Huyu si tapeli Ba'mdogo. Hiyo 135 ni namna yao, anaweka juu ili apate pa kushukia.

Salma: Anashukia wapi? Sisi katuambia 100. Hiyo 35 katikati ni ya nani? Na juu yake tumpe 10%. Mimi nakaa dawati la mikopo, haya nayaona kila wiki. Mteja anakuja na nyumba ya 135, mthamini aliyesajiliwa anakwenda, anarudi na 98. Benki inakopesha kwa ripoti ya mthamini, haikopeshi kwa tangazo. Mteja hana pa kutoa hiyo tofauti, anaondoka. Kwa hiyo cha juu hakimuumizi mnunuzi peke yake. Kinawafukuza wateja ambao wangetulipa sisi.

Abuu (Ohio): Hilo sikulijua

Hamza: Rashidi chukua funguo leo hii. Leo.

Rashidi: Sawa bro.

Hamza: Tunauza wenyewe. Da Mwana tengeneza tangazo.

*Alhamisi*

Da Mwana: Hili hapa: *Nyumba inauzwa Tabata Kimanga. Vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko, stoo, fremu mbili mbele, ukuta na geti. Hati ipo. Milioni 115, maongezi yapo. Mwenye nyumba mwenyewe, hatuhitaji dalali.* Niweke na picha ya hati?

Salma: HATI USIWEKE. Yenye namba na sahihi, mtu akaigize? Mteja wa kweli tutamwonyesha ana kwa ana, halafu aende akafanye upekuzi kwa msajili wa hati. Na weka mita za mraba.

Ba'mdogo Seif: Toa "maongezi yapo". Umeshuka kabla hujaulizwa.

Da Mwana: Ba'mdogo bila hayo maneno mtu hapigi simu 😂

Rashidi: Funguo ninazo. Amekasirika lakini ametoa. Nimebadilisha na kitasa.

*Jumanne*

Rashidi: Bango nimeweka getini tangu Jumamosi. Simu hazikatiki, na wote madalali. Mmoja kajifanya mteja, kaja na mke, nikamuuliza mke anaitwa nani akasitasita 😂 Mwingine anasema "kaka nimeona hamtaki dalali, mimi si dalali, mimi ni mshauri."

Salma: 😂😂😂

Rashidi: Mnacheka. Mimi ndiye ninayetoka kazini kufungua geti. Wa jana kazunguka vyumba vyote, kagonga kuta, kapanda mpaka darini, mwisho anasema yeye anataka kujenga, alikuja kuangalia ramani. Na kuingiza watu msiowajua ndani kila siku, wapangaji wa fremu wameanza kulalamika. Sasa tuseme ukweli: kazi hii ya kuchuja watu ndiyo anayolipwa dalali. Si geti.

Da Mwana: Hapo una hoja.

Hamza: Mimi nimekwenda na mthamini. Kasema bei ya soko 98.

Rashidi: 🙂

Hamza: Sema tu.

Rashidi: Sijasema kitu bro. Dalali alisema 100.

Ba'mdogo Seif: Bei anaijua, hilo halina ubishi. Anatembea mitaa hiyo kutwa. Tatizo anaijua na kwa upande wake.

Hamza: Mthamini kaniuliza jingine. Hati ni ya miaka 33, imeanza 1996.

Salma: Inaisha 2029. Kaka Hamza, hilo ni kubwa kuliko mambo ya dalali. Mnunuzi wa mkopo, benki itauliza miaka iliyobaki. Mnunuzi wa taslimu atalitumia kukukata bei. Na jina?

Hamza: Bado la marehemu.

Salma: Basi tumeanza mwishoni. Lazima liingie jina lako kama msimamizi kwanza, ndipo wewe umhamishie mnunuzi. Kodi ya pango la ardhi ililipwa mara ya mwisho lini?

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:47)

Da Mwana: Mama anasema Baba alikuwa analipa mwenyewe kila mwaka, risiti ziko kwenye sanduku la bati. Tangu aumwe hajui. Kodi ya majengo anajua inakatwa kwenye LUKU.

Salma: Hiyo ya LUKU ni kodi ya majengo, pango la ardhi ni kitu kingine, ikadaiwa tutalipa kabla ya uhamisho. Na Mama aangalie kama kuna risiti za ujenzi. TRA watataka kodi ya ongezeko la mtaji, kwa mkazi ni 10% ya faida, si ya bei yote. Lakini faida utaionyeshaje kama gharama hazimo kwenye karatasi? Tangu 2023 asiye na kumbukumbu anaweza kulipa 3% ya thamani. Kwa 98 ni karibu mil 3.

Ba'mdogo Seif: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Da Mwana: Daftari lipo! Mama amelikuta, saruji, misumari, fundi kalipwa nini, tarehe zote. Mwandiko wa Baba.

Salma: Daftari si risiti, lakini leteni. Mwanasheria aone.

*Jumamosi*

Hamza: Nimepata watu wawili. Wa kwanza kaona bango: ndugu yake yule mpangaji wa fremu ya vyombo. Taslimu, wiki ijayo, mil 85, hataki habari za mwaka 2029 wala za benki. Wa pili kaletwa na dalali.

Ba'mdogo Seif: Dalali yupi?

Hamza: Yule yule.

Salma: 🤦🏾‍♀️

Hamza: Nisikilizeni. Nilimwita, tukakaa kwa mwanasheria. Tumeandikiana karatasi. Bei ni moja, 98, tangazo lake la 135 kafuta mbele yangu. Akileta mnunuzi tunampa 4%, na anaipata siku fedha yote imeingia akaunti ya mirathi, si kabla. Hapokei kishika uchumba. Funguo hashiki. Na si wa kwetu peke yake, tukipata mtu kwa bango hana chake. Alinuna, akasaini. Kesho yake akaleta mke na mume, mwalimu na nesi, wameipenda. Wamefika 97, kwa mkopo.

Abuu (Ohio): Nimepiga hesabu. 97 toa 4% inabaki 93.12. Yule wa bango 85. Dalali amelipwa 3.88 na bado tumezidi kwa mil 8 na kitu.

Da Mwana: Lakini 85 ni wiki ijayo. Mkopo ni lini?

Salma: Hati ikiwa kwenye jina la Hamza na muda wake umeanza kushughulikiwa, benki inatembea. Isipokuwa hivyo hata mwaka tutakaa. Siwadanganyi.

Rashidi: Mimi nasema 85 tumalize. Mimi ndiye niliye karibu, nimechoka.

Abuu (Ohio): Nane ni nyingi Rashidi

Rashidi: Kwa aliye Ohio ni rahisi kusema.

Da Mwana: Jamani taratibu.

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:08)

Da Mwana: Mama anauliza: kuna anayeumwa? Kuna anayedaiwa? Kama hakuna, haraka ya nini. Huyo wa 85 anajua hati inaisha na jina halijabadilishwa, ndiyo maana ana haraka kuliko sisi. Anasema Hamza aanze kesho ofisi ya ardhi, na Rashidi apumzike, mtoto wa Ba'mdogo ashike funguo za geti mwezi huu. Na wale mwalimu na nesi waambiwe ukweli wote wa hati, wasije kugundua wenyewe.

Ba'mdogo Seif: Atakuja Jumatatu. Nimeshamwambia.

Rashidi: Asante Mama. Abuu samahani.

Abuu (Ohio): Hamna neno kaka. Nilistahili 😅

Hamza: Basi yule wa 85 nimwambie tumeahirisha, tusimkatae. Mwanasheria anataka muhtasari wa kikao cha familia, warithi wote wamekubali kuuza na kwa bei ipi, sahihi za kila mmoja. Jumamosi ijayo, saa 4 asubuhi kwa Ba'mdogo, njooni na vitambulisho vya NIDA. Abuu wewe utaandika barua ya ridhaa, uithibitishe huko kisha uitume, lakini kikaoni uwepo kwa video.

Abuu (Ohio): Saa 4 yenu kwangu ni saa 9 usiku

Ba'mdogo Seif: Kunywa kahawa.

Da Mwana: Tusimtese, iwe saa 10 jioni. Kwake itakuwa saa 3 asubuhi.

Hamza: Saa 10. Salma uje na hiyo karatasi ya benki inayoonyesha wanataka nini kwenye hati.

Salma: Nitakuja nayo.