Tumbo gumu, mkojo umekata: napimaje presha ya tumbo bila mashine?

sista_wa_usiku:
Habari za usiku wakuu. Niko ICU ya vitanda vinne, hospitali ya mkoa, sitaitaja. Nina kijana wa bodaboda, miaka 24, juzi katolewa bandama. Tangu afike kaingiziwa dripu lita tisa na damu chupa tano. Jioni namgeuza, tumbo limekaza, nikiligonga linalia kama ngoma. Mashine ya kupumulia inapiga kelele za presha kila mara. Mkojo mililita 15 kwa saa, saa iliyofuata 10. Daktari wa zamu kwa simu kasema ongeza dripu ya Ringa lita moja, ikishindikana piga Lasiksi, sindano ya kukojoza. Ringa inaingia. Lasiksi bado iko kwenye sinia, roho inasita. Chuoni tulisoma presha ya tumbo inapimwa kupitia kibofu, ila kwa ile mashine ya waya, na hapa hatuna. Mnafanyaje?

fundi_rula:
Dada, rula unayo? Basi imetosha. Mlaze chali kabisa. Ukimwacha ameinuliwa kichwa namba itapanda bure. Vaa glavu safi, ondoa mkojo wote, ingiza kibofuni maji ya chumvi mililita 25, usizidishe. Unganisha katheta, ule mpira wa mkojo, na mpira safi wa dripu uliojaa maji hayo, mdomo wa juu wazi, uusimamishe wima. Sifuri ya rula iwe ubavuni, pale mfupa wa nyonga unapokutana na mstari wa katikati ya kwapa. Subiri dakika moja. Maji yanatakiwa kucheza kidogo akipumua. Yakiganda tu, kuna mkunjo mahali. Soma kifua kikiwa kimeshuka. Sentimita ulizopata gawa kwa 1.36, hizo ndizo milimita za zebaki.

mkongwe_wodini:
Miaka 12 kazini napapasa tu. Mnajichosha.

dkt_mlalahoi:
Mkongwe, kwa heshima zote, mkono unadanganya. Nimeshapapasa tumbo nikaliita laini, kipimo kikasema 19.

Sista, mahututi wengi wako 5 hadi 7. Ikikaa 12 au zaidi, tumbo lina presha. Ikivuka 20, ikakaa hapo, na kiungo kipya kikagoma, kama figo za huyu, mwamshe daktari wa upasuaji hata kama atanuna. Halafu chukua presha ya wastani ya damu, toa namba ya tumbo. Ikibaki chini ya 60 ujue viungo vya ndani havipati damu ya kutosha. Lasiksi haiwezi kutoa mkojo ambao figo haijautengeneza. Na hizo lita tisa zimevimbisha utumbo, kila chupa unayoongeza bila sababu inakaza zaidi. Rudia himoglobini, asije akawa anavuja ndani. Angalia maumivu na usingizi wake, maana akipambana na mashine tumbo linakaza. Na mpira wa puani, ule unaoshuka hadi tumboni kutoa uchafu na upepo, unatoa?

sista_wa_usiku:
Wakuu, nimerudi. Sentimita 31, yaani karibu 23. Presha ya wastani 74, imebaki 51. Mikono ilinitetemeka.

Halafu mpira wa puani… ulikuwa umebanwa klempu tangu walipompeleka picha saa tisa mchana! Kwenye chati kila mtu kaandika "uko sawa", na mimi nikiwemo. Nimefungua, zimetoka mililita 900 za kijani na upepo mwingi. Baada ya nusu saa: sentimita 24, karibu 18. Kelele za mashine zimepungua. Himoglobini haijashuka.

dkt_mlalahoi:
18 bado haijapoa. Umempigia?

sista_wa_usiku:
Nimempigia, yuko njiani. Kasimamisha Ringa, Lasiksi kasema niache, na tumbo likigoma kushuka atalifungua alfajiri, wenzake thieta wameshaambiwa. Mkojo saa hii 25. Napima tena saa kumi. Rula nimeibandika plasta ukutani kwenye kitanda chake, nimeandika ISIGUSWE.