Naomba ushauri: programu ya kupanga uunganishaji wa DNA inakwama

Salaam wenzangu, tuko Malindi. Programu ya mtandaoni ya kupangia Golden Gate (njia ya kuunganisha vipande vya DNA kwa mpigo mmoja) inakwama nikifikisha vipande 6 kwenye plasmidi (DNA ya duara) ya besi 9,000 hivi. Vipande 2 au 3 hupita bila shida.

Nimeshajaribu dirisha la faragha bila viongezi, nikafuta akiba ya kivinjari, nikahama kutoka data ya simu hadi faiba. Hali ni ile ile. Prosesa hupanda hadi 100% huku data ikipita kidogo mno, kwa hiyo mtandao nauondoa lawamani. Laptopu ina RAM ya GB 4 (na joto la huku nalo halisaidii).

Ninachoshuku ni faili za GenBank (mfuatano wa DNA pamoja na maelezo yake): zimebeba mamia ya alama za maelezo, nyingi zikijirudia, na huenda kivinjari huzichora zote upya kila ninapobadilisha ncha ya besi 4 ya kuunganishia vipande. Je, nipakie FASTA tupu (mfuatano peke yake, bila maelezo), kisha nitafute upya GGTCTC na mfuatano wake kwenye uzi wa pili, GAGACC, ili nisipitwe na alama ya BsaI (kimeng'enya kinachokata DNA) iliyojificha ndani ya kipande? Au kuzima ramani ya duara kunatosha? Anayepangia kwa Python kwenye mashine ndogo kama hii, naomba anieleze anavyofanya.