Mjadala: Je, gongo ya mabibo iruhusiwe kwa sababu "damu yetu imeizoea"?

Ndugu zangu, mchangiaji mmoja kutoka Tandahimba amedai kwamba gongo ya mabibo, yaani pombe kali inayopikwa kwa tunda la mkorosho, iruhusiwe kisheria kwa kuwa watu wa Kusini tuna jeni inayohimili pombe, tofauti na Wajapani na Wachina, ambao wengi wao nyuso huwaiva kwa glasi moja. Jeni anayoisema ipo, inaitwa ALDH2, na inakaa kwenye kromosomu ya 12, lakini haiwezi kuibeba hoja yake.

Pombe ikifika kwenye ini hugeuzwa kwanza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, na ndipo kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini) kinachotokana na jeni hiyo, kikifanya kazi ndani ya mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, huigeuza kuwa asetati, ambayo si sumu. Kwa watu wengi wa Asia ya Mashariki herufi moja tu ya jeni imebadilika, kimeng'enya kikadhoofika, na sumu ikirundikana mnywaji hupata kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Badiliko hilo ni nadra sana Afrika. Kwa hiyo Mmakonde, Mmwera na Myao hawana jeni ya pekee (naona wengine wameshaifanya sifa ya kabila). Wanayo ile ile waliyo nayo Wazungu. Tena adha ile huwafanya wengi wa wenzetu hao wa Asia wanywe kidogo au waache kabisa, breki ambayo sisi hatuna.

Isitoshe, bibo lina pektini, ile gundi ya asili ya matunda, nayo huzaa methanoli, aina ya pombe yenye sumu, ambayo hupanda na mvuke wa pipa, ikapita kwenye mrija uliozamishwa majini na kudondokea kwenye dumu bila yeyote kuipima. Mwilini hugeuka asidi ya fomiki, ambayo huzuia kimeng'enya kingine cha mitokondria, na neva ya jicho huumia vibaya. Hapo ALDH2 nzima haimwokoi mtu.

Jibu kutoka Newala: Kaka, kuhusu jeni nakubali. Hata hivyo, korosho zikishapelekwa ghalani mabibo huoza chini ya mikorosho, na kina mama wanaoyakamua wanasomesha watoto kwa uraka, yaani maji ya mabibo yaliyochachushwa. Naomba uraka, ambao haupikwi, usihukumiwe pamoja na gongo. Na gongo yenyewe, ikiruhusiwa, ipimwe methanoli kabla ya kuuzwa.

Mwanzisha mada: Kuhusu uraka sina ubishi, dada. Kuhusu gongo, tueleze gharama ya kipimo ataibeba nani: mpikaji, mnunuzi au halmashauri?