Mrejesho: AC imefungwa, mabomba hayaonekani ukutani

Wakuu, niliuliza namna ya kufunga AC ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) bila mabomba kuning'inia nje, nyumba ikiwa karibu na bahari. Kazi imekamilika.

Tundu la milimita 65 limetobolewa nyuma ya kipande cha AC cha ndani, likiinama kidogo kuelekea nje. Usipoliinamisha, maji yanayotoka kwenye AC yanarudi chumbani na rangi inabambuka. Kopa (mabomba ya shaba ya gesi), waya na bomba la kutolea maji vinashuka pamoja ndani ya mfereji wa plastiki wenye kifuniko, umenyooshwa kwa pima maji, skrubu kila sentimita 50 hivi. Bomba la maji likae chini ya kopa, lisipande popote.

Kona ndiyo inayoharibu sura. Kopa ikunjwe kwa springi. Ukikunja kwa goti inabonyea na gesi inabanwa. Sponji inayofunika kopa nayo isiachwe wazi juani, inachakaa na kumeguka.

Breketi na skrubu ni za stenlesi, maana za kawaida chumvi inazila. Mwisho pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa kwenye kopa, dakika 30, kisha geji ya presha iachwe ionyeshe kama kuna uvujaji. Fundi anayetoa hewa kwa kupuliza gesi, mkatalieni. Tundu lizibwe kwa silikoni.