DT175 ya zamani kwa kazi za mlimani: tu-stroki bado ina maisha?

KahawaMbinga

Wakuu, heshima kwenu. Huku Mbinga kuna pikipiki ya Yamaha DT175 inauzwa, tu-stroki (injini ya mapigo mawili), ile inayopoozwa na hewa. Inawaka kwa kiki ya pili na haina mlio wa chuma, ila moshi ni mwingi. Mwenyewe ameshang'oa pampu ya oili, anachanganya oili na petroli ndani ya tanki. Kazi yake itakuwa kubeba miche na mbolea, na mara kwa mara kushuka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Naipenda kwa wepesi wake na inavyopanda mlima. Nikague nini kabla ya kutoa hela? Oili niweke kiasi gani? Na vipuri vitaendelea kupatikana, au najinunulia chuma cha kuegesha?

FundiKrenki

Mkuu, moshi usikutishe kwanza. Moshi wa bluu kwenye tu-stroki ni oili inayoungua kama injini ilivyotengenezwa, na ukizidi unatibika kwa vipimo. Kinachoua injini hizi ni hewa inayoingia bila kupitia kwenye kabureta. Petroli na oili hupita kwanza chini, kwenye nyumba ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ndipo zipande juu ya pistoni. Nyumba hiyo ikivuja hata kidogo, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na petroli kidogo, joto linapanda, injini inanoki (pistoni inanata kwenye bloku).

Wakosaji wakubwa ni sili mbili za krenki, zile ringi za mpira zinazozuia hewa na oili kupita pembeni mwake. Pikipiki ikikaa muda mrefu bila kuwaka, mpira wake unakauka. Ya upande wa magneto (ile inayozalisha umeme wa plagi) ikichoka, utaona ukiachia resi injini inachelewa kushuka, na ikishapata moto sailensa (mzunguko wa injini bila kushika resi) inapanda yenyewe. Plagi inatoka nyeupe. Ukiona hivyo usiipandishe mlima na mzigo. Ya upande wa klachi ina dalili nyingine kabisa: inanyonya oili ya giaboksi, moshi unakuwa mweupe na mzito hata injini ikiwa na moto, plagi inalowa, na oili ya gia inapungua wakati chini hakuna hata tone. Moshi wa huyo muuzaji unaweza kuwa huo, kwa hiyo angalia kimo cha oili ya gia kabla hujaangalia kitu kingine.

Muuzaji akikubali, pima presha ya nyumba ya krenki. Toa ekzosi, ziba tundu lake kwa kipande cha tyubu na bati, kaza kwa nati zilezile. Toa kabureta, penyeza kizibo chenye mrija kwenye mpira wake, kaza klempu. Shusha pistoni hadi chini kabisa. Mrija uunganishe na kile kipimo cha presha ya damu cha kubonyeza kwa mkono, chenye saa. Jaza hadi 300 mmHg, yaani kama 0.4 bar. Usiazime kompresa ya kujazia matairi, itasukuma sili nje. Subiri dakika 5. Mshale ukishuka kiasi cha wewe kuuona unatembea, paka maji ya sabuni kwenye gasketi za bloku, mpira wa kabureta, plagi, na nyuma ya magneto ukishaitoa. Upande wa klachi hauonekani kwa nje, fungua kizibo cha kujazia oili ya gia upake povu mdomoni pake. Likivimba, sili hiyo imekwisha. Sili mbili ni bei ndogo. Kubadilisha krenki iliyokufa kwa ajili ya sili ndiyo gharama.

Ya mwisho ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Fungua silinda hedi na bloku, shika konrodi uvute juu na kusukuma chini. Isiwe na mchezo wowote wima, hata kidogo. Kuyumba pembeni kidogo ni kawaida. Ikicheza wima, mwambie muuzaji ashushe bei au achana nayo.

BlokuSafi

Naongezea kwenye bloku, maana wengi wanaponea kwenye sili wanafia kwa fundi wa kuchonga (kupanua tundu la bloku lilipolika). DT175 bloku yake ina kipenyo cha milimita 66, na pistoni za kuongeza zinakwenda kwa 0.25: 66.25, 66.50, hadi 67.00. Uliza imeshafika wapi. Ikiwa tayari ni 67, ovahoo ijayo ni kuweka sliivu (bomba jipya ndani ya bloku) au bloku nyingine.

Mpelekee mchongaji pistoni mkononi, asichonge kwa namba ya kwenye boksi. Nafasi kati ya pistoni na bloku ya kupoozwa na hewa ya ukubwa huu iwe karibu 0.05 mm. Fundi aliyezoea kubana sana atakuachia 0.02, injini itakuwa tamu siku ya kwanza na kunata kwenye mlima wa kwanza.

Kuna kazi moja ndogo inayosahaulika kila siku. Baada ya kuchonga, midomo ya matundu ndani ya bloku inabaki mikali kama wembe. Lazima isuguliwe kwa tupa ndogo au msasa mpaka kidole kipite bila kukwama, hasa tundu la ekzosi. Bila hivyo ringi inachungulia tundu, inakwama kwenye ukingo na kukatika. Mshale wa pistoni uelekee ekzosi, na mdomo wa kila ringi ukae kwenye pini yake. Kabla ya kuvalisha, tumbukiza ringi peke yake ndani ya bloku upime uwazi wa mdomo: 0.3 hadi 0.5 mm.

Na hiyo ekzosi ifunguliwe nyuma, ile bomba ndogo ya ndani itolewe. Ikiwa imejaa masizi, pikipiki inakosa nguvu na watu wanalaumu kabureta. Magadi makali (kostiki soda) yanatoa masizi kwenye chuma, ila yasiguse bloku wala hedi, yanakula alumini.

NyasaMarine

Suala la oili linanigusa kwa sababu unashuka Mbamba Bay. Huko oili ya tu-stroki utaipata kirahisi, lakini soma mkebe. Ile ya injini za boti imeandikwa TC-W3. Imetengenezwa kwa injini inayopoozwa na maji, haina viungo vya kustahimili joto la bloku ya hewa. Ukiitumia kwenye DT, kwa mwendo mfupi haitakuumbua, ila kwenye mlima mrefu na mzigo utando wake unashindwa na ringi zinagandia kwenye mifereji. Ya pikipiki tafuta alama ya JASO (viwango vya Kijapani) FC au FD. FC ina moshi mdogo, FD inasafisha zaidi masizi. Oili ya fo-stroki ndiyo kabisa usithubutu, majivu yake yanabaki juu ya pistoni na kuziba plagi.

Kipimo ukitumia oili ya FC au FD ni 1 kwa 50: mililita 20 kwa lita, mililita 100 kwa lita 5. Kwa kazi nzito kama yako weka 1 kwa 40, mililita 25 kwa lita. Changanya kwenye dumu, tikisa, ndipo umimine kwenye tanki. Na usidhani kuzidisha oili ni kuilinda injini. Oili inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti (tundu la kupimia petroli ndani ya kabureta), hivyo mchanganyiko unazidi kuwa na hewa, na joto linapanda.

Sasa ule mteremko. Tatizo la kuchanganya kwenye tanki ni kwamba ukifunga resi na kushuka kwa gia, injini inazunguka kwa kasi huku inapata petroli kidogo mno, na oili inakuja na petroli. Kwenye mteremko mrefu fungua resi kidogo kila baada ya sekunde kadhaa, au bana klachi. Yamaha walileta pampu ya Autolube mwaka 1964 kwa sababu kama hizi: inafuata mzunguko wa injini na resi kwa pamoja. Ushauri wangu, irudishe. Ukiifunga, toa hewa kwa skrubu yake hadi mapovu yaishe, linganisha alama ya puli na ya pini kwa kurekebisha kebo, na tanki la kwanza litumie petroli yenye oili 1 kwa 50 hadi uone oili kwenye chupa yake inapungua.

KahawaMbinga

Nashukuru sana wakuu. Pampu anayo ndani, kumbe nimdai. Je, kabureta iliyosetiwa huku juu italeta shida ziwani?

FundiKrenki

Italeta. Ziwani hewa ni nzito kuliko mlimani, kwa hiyo jeti inayotosha Mbinga inakuwa ndogo kule chini. Seti jeti kubwa kwa hewa ya ziwani, ukubali mchanganyiko uwe mzito kidogo (petroli nyingi) ukirudi juu. Mchanganyiko ukiwa mzito injini inakohoa na kulowesha plagi tu, ukiwa mwepesi (hewa nyingi) inanoki. Kuhakiki, panda mlima kwa resi kamili kwa muda, zima injini papo hapo huku umebana klachi, toa plagi. Kahawia ya kuoka ni sawa, nyeupe ongeza jeti namba moja. Na usiweke plagi ya moto zaidi kuficha oili. Kwa NGK, namba 8 ni baridi kuliko 7. Fuata ya kitabu.

MizungukoMiwili

Swali la vipuri na kesho yake halijajibiwa. Utamu wa hizi injini una sababu: mlipuko kila mzunguko mmoja wa krenki, wakati fo-stroki inangoja miwili. Hazina valvu za hedi, kemshafti wala cheni ya taimingi, kwa hiyo DT unaifungua juu kwa spana chache ukiwa shambani. Lakini njia ya kuingilia na ya kutokea zinafunguka kwa wakati mmoja, na sehemu ya petroli mbichi inatoka na moshi. Ndiyo maana inakunywa, na ndiyo iliyoiondoa barabarani sheria za moshi zilipokaza. Kwenye mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia vilevile: daraja la 500cc walianza kupisha fo-stroki mwaka 2002, 250cc wakapisha Moto2 mwaka 2010, na 125cc wakapisha Moto3 mwaka 2012.

Haijafa, imehama. Yamaha bado wanatengeneza YZ125 na YZ250 za mashindano, na KTM tangu modeli za 2018 wana enduro za tu-stroki zenye kunyunyizia petroli kwa kompyuta, zinazopima oili zenyewe. Hizo ni za michezo, bei yake si ya mkulima. Pikipiki mpya ya kazi ya tu-stroki sioni ikirudi. Kwa upande wa bodaboda njia ni nyingine kabisa: Kigali tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinasajiliwa za umeme tu.

Kwa DT175, pistoni, ringi, sili, gasketi na reed za kabureta (vibamba vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi) bado zinatengenezwa na viwanda vingi, hutakwama. Vitakavyokutesa ni krenki nzima, kisanduku cha CDI (cha umeme wa kuwashia plagi), gia na hiyo pampu. Kwa hiyo nunua ikiwa vinne hivyo ni vizima, na ukipata injini ya pili iliyonoki juu tu, ichukue uiweke stoo. Ukitaka ya kubeba abiria kila siku, chukua fo-stroki ya 150. Kwa shamba la mlimani na mtu anayepima oili mwenyewe, DT ni chaguo zuri.